Nasomea Usuluhishi na Nyumba Yangu Imegawanyika

Uingereza,
mwezi wa Februari

Kwako mke wangu Auma, Mama Kwamboka,

Salamu zangu zikufikie hapo kibarazani kwa baba yako, katikati ya kelele za cherehani na wateja wanaotaka nguo zao zishonwe leo leo. U hali gani? Kwamboka naye hajambo? Uliniandikia kwamba meno yanamsumbua. Nadhani sasa yameshatoka, na badala ya kulia yeye anawaliza nyinyi kwa kuwauma. Kifua cha baba kimepoa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku haina adabu. Masikio yangu yamechubuka kama ya mtu aliyepigwa makofi. Kila asubuhi navaa vitu vyote nilivyo navyo, halafu naanza kutafuta kingine.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama siku zote, maana Kikisii chako ni cha sokoni na Kijaluo changu kinatosha kuomba maji tu. Ukimsomea baba barua hii, ruka pale utakapoona panafaa kurukwa.

Barua yako nimeipata. Ulianza hivi: "Nimehama Marani. Niko Kisii mjini kwa baba. Mtoto ni mzima." Uliandika kama mtu anayepeleka simu ya posta, anayehofia bei ya kila neno. Ilinibidi nikae kitandani kwanza ndipo niendelee.

Ngoja niyarudie uliyoniambia, unisahihishe kama nimeyashika vibaya. Kulitokea ugomvi wa ng'ombe kule mpakani, baina ya watu wa kwetu na watu wa kwenu. Mpwa wake mama, mtoto wa kaka yake, akauawa. Mama akaenda matangani. Aliporudi ulimpikia ugali wa wimbi na mboga za managu, ukamwekea mbele. Akashukuru, akaufunika kwa ungo, akaenda kula kwa mke wa kaka yangu Mogaka. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Hakukutukana. Asubuhi alikuamkia vizuri, akamchukua Kwamboka mgongoni, akaenda naye shambani kupalilia migomba. Lakini chakula cha mkono wako hakukigusa. Halafu siku moja, ukianika nguo, ukamsikia akimwambia jirani wa ng'ambo ya ua, "Si ni Omogere tu yule," kwa jina lile watu wetu wanalowaita Wajaluo wanapotaka liumize. Ukazitoa nguo kwenye ua zikiwa mbichi, ukamfunga mtoto mgongoni, ukashuka barabarani.

Na Mogaka akakufuata mjini. Akasimama mlangoni na kofia kichwani, akasema mbele ya wateja, "Shemeji, mtoto ni wa Marani. Mama amekonda. Rudi nyumbani." Baba yako akaondoa mguu kwenye cherehani, akamjibu, "Binti yangu hakuletwa hapa na mtu, na hatatolewa hapa na mtu anayesemea mlangoni." Mogaka akaondoka bila kuaga.

Nawaona wote wawili. Mogaka ninavyomjua, alipofika kwenye kona alijuta. Na baba yako ninavyomjua, nguo aliyoishona baada ya hapo ilibidi ifumuliwe.

Mwisho ukaandika, "Wewe unayesomea amani, niambie nifanye nini, nami nitafanya." Sentensi hiyo, Auma, nimetembea nayo wiki zote hizi kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Sikunyamaza kwa kupuuza. Nilinyamaza kwa sababu sijui. Na jinsi nilivyofika mahali pa kutojua, acha nikusimulie.

Kwanza nikuambie ninachosoma, maana najua Marani wanasema nimekuja kusomea uwakili. Siyo. Sisi tunafundishwa namna ya kuwapatanisha watu: majirani, matajiri na wafanyakazi wao, hata nchi na nchi. Profesa wetu, mzee mrefu ambaye kiko hakimtoki mdomoni hata kikiwa kimezimika, huchora duara mbili ubaoni. Duara hii ni haja ya huyu, duara ile ni haja ya yule, na pale zinapopandana ndipo penye mapatano. Kwenye ubao ni rahisi ajabu. Mimi miaka yote niliyokuwa mkalimani barazani Kisii, nikiwafasiria watu kesi za mipaka na za ng'ombe, sikuona duara. Niliona watu wanaotokwa na jasho. Nikasema, basi, ndiyo sababu nimeletwa huku, nikafunguliwe macho.

Ninakaa nyumbani kwa mama mmoja mjane, anaitwa Bibi Dobson. Mji ni wa viwanda vya sufu. Ukuta mweupe haupo, kila kitu kimepakwa moshi. Bibi Dobson alikuwa na mtoto mmoja tu, Alfred, aliyekufa vitani Italia, kwenye mapigano ya kuvuka mto. Picha yake ilikuwa imetundikwa juu ya moto wa sebuleni, amevaa kijeshi, kofia imelala upande. Na mwanafunzi mwenzangu anayepanga chumba cha jirani ni Mjerumani, jina lake Dieter, mtu wa rika langu, mpole, mwenye kukanyaga ngazi kama anaogopa kuziamsha.

Chuo kilipomwomba Bibi Dobson ampokee Mjerumani, nasikia alisema, "Mtu lazima alale mahali." Na kwa kweli alimtunza. Alimpikia, akamfulia shuka, akamtilia soksi viraka, akamwekea chupa ya maji ya moto kitandani. Lakini hakusema naye. Hata neno. Akitaka kumwambia jambo huniambia mimi, na Dieter ameketi palepale: "Mwambie bwana huyu maji ya kuoga yako tayari." Nami namgeukia Dieter: "Maji ya kuoga yako tayari." Dieter ananiambia, "Mwambie nashukuru." Nimekuwa mkalimani maisha yangu yote, lakini kufasiri Kiingereza kwa Kiingereza sikuwahi kudhani kama ni kazi.

Basi kabla ya Krismasi profesa akatutuma. "Kila mmoja wenu," akasema, "atafute ugomvi mdogo wa kweli, awasaidie wenyewe kuzungumza, kisha atuletee habari." Wenzangu wakahangaika wapate wapi ugomvi. Mimi niliona nimepewa wangu mezani, pamoja na viazi.

Nikachagua Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Mimi Sabato yangu nilikuwa nimeiadhimisha jana yake chumbani peke yangu, maana kanisa letu liko mbali, na nilikuwa nimeomba sana. Tulipokuwa bado na nyama kwenye sahani nikasimama. Ndiyo, nilisimama kabisa, kama barazani. Nikasema, "Bibi, na wewe ndugu Dieter, tumekaa nyumba moja muda mrefu, na kuna jambo katikati yetu ambalo hatulisemi. Naomba kila mmoja aseme lililo moyoni, na mwenzake asikilize."

Bibi Dobson akaweka uma chini polepole. Nilidhani Dieter atakataa. Kumbe alikuwa akingoja. Uso ukamwiva, akasema moja kwa moja kwa yule mama, bila kupitia kwangu:

"Bibi, mimi pia nilikuwa Italia. Nilikuwa kwenye mizinga."

"Lini?"

Akamwambia.

"Upande gani wa mto?"

Akamwambia.

Yule mama akainuka, akaanza kukusanya sahani, na yangu akaichukua ikiwa na nyama. Tukasikia maji yakimwagika jikoni, yakamwagika sana. Kisha akatoka amevaa koti na kofia. Akapanda juu ya kiti, akaitungua picha ya Alfred ukutani, akaibana kwapani. Akaniambia mimi, "Naenda kwa dada yangu. Makaa yamo kwenye pipa." Mlango ukafungwa taratibu, na afadhali angeubamiza.

Nikamuuliza Dieter, "Ulikuwa wewe?"

"Mzinga haumwoni mtu," akasema. "Sijui. Hilo ndilo nililotaka kumwambia, kwamba sijui. Hakuningoja nifike hapo." Kisha akanitazama. "Kwa nini ulituita, Nemuel?"

Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota makaa kwenye pipa.

Siku zile nyumba ilikuwa baridi kuliko nje. Moto ule wa makaa ulitushinda sote wawili. Ukutani palibaki alama nyeupe, umbo la picha, mahali pekee pasipo moshi katika chumba chote, na sisi tukikaa tunaitazama. Nikaenda kwa profesa nikitumaini atanikemea. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa, ningepata nafuu. Auma, yule mzee alifikicha mikono yake kwa furaha! "Vizuri sana, bwana Ondieki! Ukweli umetoka. Sasa ndipo kazi inaanza." Akanisimamisha darasani nisimulie, na wenzangu wakaandika. Nikasimulia, na nilipofika kwenye ile sahani yangu ya nyama wengine wakacheka kidogo. Nilirudi nyumbani nikijiuliza: mama wa watu amehama nyumba yake mwenyewe, nami nimesifiwa. Hapa nimesuluhisha nini?

Bibi Dobson alirudi mchana mmoja, bila kutangaza. Dieter alikuwa ameshafunga sanduku lake, yuko katikati ya ngazi anashuka nalo. Bibi Dobson akasimama mlangoni na picha ileile kwapani, akamtazama. Akasema, na safari hii alisema na Dieter mwenyewe, siyo na mimi:

"Wapi?"

"Nahamia chumba kingine, Bibi."

"Kwa nani?"

"Bado sijapata."

"Basi rudisha sanduku juu. Na viatu vile vyako, viondoe mlangoni. Vimejaa matope."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakukuwa na kulia wala kushikana mikono. Picha akaipeleka chumbani kwake, na ukutani akatundika kalenda ya muuza makaa. Tangu siku hiyo anasema na Dieter, lakini ni maneno gani! "Funga mlango." "Unaniunguzia sufuria." "Nani aliyekufundisha kukaanga yai?" Kwa maana hampikii tena. Amempa rafu moja na sufuria moja, ajipikie. Soksi zake zimetoboka. Chupa ya maji ya moto hakuna. Mimi nilipoona hivyo nikamwambia Dieter, "Nisamehe, nimekuharibia." Akashangaa. "Hapana," akasema. "Kwanza nilikuwa naishi hotelini. Sasa naishi kwa mtu."

Mimi bado sijaelewa. Zamani alipewa kila kitu bila neno, na sasa anapewa maneno bila kitu chochote, naye anasema sasa ni afadhali. Nimejaribu kuchora duara zangu. Hazipandani popote.

Juzi nikajipa moyo, nikamfuata Bibi Dobson jikoni. Nikamuuliza kama bado amenikasirikia.

"Nimekukasirikia," akasema. "Shika chai hii."

Nikashika. Akakaa. Akasema, "Nilikuwa na namna yangu ya kukaa na kijana yule. Ilikuwa namna mbaya, lakini ilikuwa yangu. Wewe ukaja umeshajua ninachohitaji. Ukaomba Mungu, ukaandaa hotuba, ukamwambia profesa wako. Watu wote hao uliwaambia. Mimi, mwenye nyumba, hukuniuliza nataka nini hata siku moja."

Nikamuuliza, "Na sasa, Bibi? Ni afadhali au ni vibaya zaidi?"

"Sijui," akasema. "Na usiniulize kwa ajili ya masomo yako."

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa chungu, maana hata sukari niliogopa kuomba.

Basi ndipo nilipopanda chumbani nikaitoa barua yako, nikasema leo lazima nijibu. Nikaanza kuandika: mke wangu, rudi Marani, mvumilie mama, yeye ni mzee na amefiwa. Niliandika vizuri, na sababu zikanijia nyingi. Nikaisoma. Sababu zote zilikuwa za mama. Nikaichana. Nikaandika tena: mke wangu, kaa hapo kwa baba mpaka nirudi. Nayo ilikuwa na sababu, na zote zilikuwa zangu, ili mimi nitulie nimalize masomo. Nikaichana. Nikaandika: mke wangu, keti na mama, mwambie lililo moyoni, naye akuambie lake. Hapo nikamwona Bibi Dobson akikusanya sahani, nikaichana nayo.

Mama yangu simwelewi, Auma. Mkono uleule unaombeba mtoto wako mgongoni ndio unaofunika chakula chako kwa ungo. Je, alikuchukia? Au alikuwa akimlilia tu mpwa wake, na chakula chako hakikumshuka kila alipokumbuka lugha wanayosema waliomuua? Na kama ni hilo tu, lile neno alilomwambia jirani lilitoka wapi? Ningekuwa barazani ningefasiri alichosema, maana maneno nayajua. Alichotaka kusema ndicho siwezi kukufasiria.

Halafu kuna mahali katika barua yako nilipopita haraka, nikaparudia baadaye. Ulisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mtoto wa shangazi yako naye alichomwa mkuki katika ugomvi uleule, na amezikwa kwao huko karibu na ziwa. Kumbe siku mama alipokwenda matangani, na wewe ulikuwa umefiwa. Ulibaki Marani ukipika. Kuna mtu aliyekuambia pole? Mogaka? Mke wake? Jirani yule wa ng'ambo ya ua? Basi pokea yangu, ingawa imekuja kwa meli na imechelewa. Pole sana, mke wangu. Pole kwa shangazi. Hata jina la marehemu sikulijua. Niandikie jina lake.

Nimefanya jambo moja tu, nalo nakuambia ili lisikushtue. Nimemwandikia Mogaka barua, imeondoka na hii. Nimemwambia asije tena hapo kibarazani, yeye wala mjumbe wake, na mtoto asiitwe wa Marani wala wa mjini, aitwe Kwamboka. Nimemwambia pia amwambie mama, kwa Kikisii na kwa sauti ya upole, kwamba nyumba ya Auma pia ilikuwa na matanga. Basi. Sikumwambia ampe mama somo lolote. Atakasirika, namjua. Atasema Ulaya imeniharibu, na huenda anasema kweli.

Sasa swali lako. Umeniuliza nikuambie la kufanya, nawe utafanya. Nimeipekua barua yako upya. Anachotaka mama nakijua. Anachotaka Mogaka umekiandika, na anachotaka baba umekiandika. Mimi mwenyewe ninachotaka nimekuandikia kila mwezi. Unachotaka wewe hakimo. Hukukiandika kwa sababu hakuna aliyekuuliza, na wa kwanza kutokuuliza ni mimi, mtu aliyevuka bahari kwenda kujifunza kuwauliza watu wanataka nini.

Nakuuliza, Auma. Unataka kurudi Marani? Unataka tujenge mjini? Unataka ukae kwenu kwa muda mrefu, au hutaki kuusikia ukoo wetu kabisa? Usitafute jibu litakalonifurahisha. Naogopa, sikufichi. Shamba la marehemu baba yangu liko kule juu, kitovu changu kiko kule, na siku nyingine nikilala naisikia mvua ya Marani ikipiga majani ya migomba. Ukiniambia huwezi kukaa pale, sijui nitakuwa mtu wa wapi. Lakini afadhali nijue hilo kuliko nikukute pale pale nilipokuambia ukae, umetii, umenyamaza, na kila mtu anasema nyumba ya Ondieki ina amani.

Masomo yakiisha, kabla ya mvua za vuli, nitakuja. Kisii mjini kwanza. Nitakaa kwenye benchi la wateja mpaka baba aniulize nimeleta nguo gani ya kushonwa.

Nisalimie baba sana, mwambie jibu lake kwa Mogaka nimelipenda ingawa Mogaka ni kaka yangu. Nisalimie mdogo wako anayeuza sukari dukani kwa Mhindi, na mwalimu wa kanisa wa pale mjini aliyetufungisha ndoa. Umwambie shangazi yako wa ziwani pole zangu, kwa Kijaluo kizuri, maana changu kitamtia uchungu zaidi. Kwamboka mbusu, na akikuuma umwache aume. Mama yangu nitamtumia salamu mwenyewe, hizo sikutwishi.

Dieter ananigongea mlango hapa, ameunguza sufuria tena na ananiita nikamtetee. Nimemwambia ajitetee mwenyewe.

Ni mimi mumeo, ninayengoja kuambiwa,

Nemuel Ondieki